Nipe Soko Nikupe Ujuzi: Wajerumani na Wachina Walivyofungamana Viwandani

Oktoba 4, 2024, nchi za Umoja wa Ulaya zilipigia kura pendekezo la kutoza ushuru wa ziada magari ya umeme yanayotoka China. Hoja ya Brussels ilikuwa kwamba serikali ya China inawamwagia watengenezaji wake ruzuku, na magari yao yanaingia Ulaya kwa bei ambayo viwanda vya huko haviwezi kuifikia. Mtu angedhani Ujerumani, nchi ya Volkswagen, BMW na Mercedes, ndiyo ingekuwa ya kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono. Ikapiga kura ya hapana. Ushuru ulipita hata hivyo na ukaanza kutozwa mwishoni mwa mwezi huohuo: asilimia 17 kwa BYD, 18.8 kwa Geely na 35.3 kwa SAIC, juu ya ile asilimia 10 ya kawaida.

Ukiitazama orodha ya waliotozwa, kura ile haishangazi tena. Mini ya umeme, gari lenye asili ya Uingereza lakini mali ya BMW ya Munich, linaundwa Zhangjiagang, jimbo la Jiangsu, katika kiwanda ambacho BMW ina ubia na kampuni ya Great Wall. Likapangiwa asilimia 20.7. Cupra Tavascan, gari la kundi la Volkswagen lenye nembo ya Kihispania, linaundwa Hefei, jimbo la Anhui. Nalo likapangiwa 20.7. Na hiyo SAIC iliyopigwa rungu kubwa kuliko wote ni mbia wa Volkswagen tangu miaka ya 1980. Kumbe baadhi ya magari ya "Kichina" yaliyodaiwa kuvitishia viwanda vya Ujerumani ni ya Wajerumani wenyewe.

Habari za nchi hizi mbili huandikwa kwa sauti moja kati ya mbili. Kuna ya urafiki: viongozi wanapeana mikono, mikataba inasainiwa, kila mtu anafaidika. Na kuna ya wizi: Mjerumani alibuni, Mchina akanakili. Kwangu zote mbili zinapotosha. Kilichopo ni nipe nikupe ya zaidi ya miaka 40 ambayo masharti yake yamekuwa yakibadilika. Anayetaka kuifuata asipotee njia aulize mambo mawili kila hatua: hapa nani ana soko na nani ana ujuzi? Na hiyo "Ujerumani" inayotajwa ni ipi, ni kampuni yenye wanahisa dunia nzima au ni fundi wa kiwanda cha vipuri katika mji mdogo?

Santana, au jinsi kiwanda kinavyozaa viwanda

Mwaka 1978, China ikianza kufungua uchumi wake, ujumbe ulioongozwa na waziri wake wa viwanda vya mashine ulifika Wolfsburg, makao makuu ya Volkswagen. China ilikuwa na magari machache ya kutengeneza yenyewe, mengi yao ya kuwabeba viongozi. Ilitaka kiwanda cha kisasa, na haikuwa na fedha za kigeni za kukinunulia. Ilichokuwa nacho ni watu karibu bilioni moja ambao bado hawakuwa na gari. Mkono mtupu haulambwi, na Beijing ililijua hilo. Ikaliweka soko mezani.

Mazungumzo yalichukua miaka sita. Mkataba ulisainiwa Beijing Oktoba 1984, Kansela Helmut Kohl akiwapo. Volkswagen ilipata asilimia 50, nusu nyingine wakagawana washirika wa Kichina, na muda ukawekwa miaka 25. Kazi ikaanzia Anting, pembezoni mwa Shanghai, katika karakana iliyokuwa ikiunda magari kwa mtindo wa zamani. Gari lililochaguliwa lilikuwa Santana, ambalo hata Ulaya halikuwa na mvuto mkubwa.

Mwanzoni Santana lilikuwa la Kichina kwa jina tu. Vipande vilifika kwa meli kutoka Ujerumani vikiwa kwenye makasha, mafundi wa Anting wakaviunganisha. Kilichopatikana nchini kilikuwa matairi, redio, antena na vitu vichache vya namna hiyo. Hadi mwaka 1987 vipuri vya ndani havikufika hata asilimia 3. Maana yake kila gari lililouzwa kwa yuan lilikuwa limekwisha kula marki za Kijerumani, na nchi ilikuwa haina marki za kuchezea.

Hapo ndipo Zhu Rongji anapoingia, meya wa Shanghai tangu 1988 na baadaye waziri mkuu wa China. Shanghai ilitoza ada kwenye kila Santana lililouzwa, na fedha hizo zikaenda kuwakopesha watengenezaji wa vipuri. Lakini vipuri hivyo vilitakiwa kufikia viwango vya Volkswagen, bila huruma ya kizalendo. Kiwanda kilicholeta breki mbovu kilirudishiwa breki zake. Wajerumani walilalamikia kasi waliyoshinikizwa nayo, ila walikubali, kwa kuwa na wao vipuri vya ndani viliwapunguzia gharama. Bosch na wauza vipuri wengine wa Kijerumani wakafuata, wakaingia ubia wa kwao. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya Santana ikawa inatengenezwa Shanghai na viunga vyake, na karibu kila teksi ya mji ule ilikuwa Santana.

Mimi naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko gari lenyewe. China haikupata kiwanda kimoja. Ilipata mamia ya karakana zilizokwishafundishwa kupima kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na kukataa mali isiyofaa. Karakana hizo hazikuwa na kiapo kwa Volkswagen. Kampuni za Kichina zilipokuja kuanzisha magari yao, zilikuta wauzaji wa vipuri wakiwasubiri.

Sharti la ubia lilidumu muda mrefu: kampuni ya magari ya kigeni haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya nusu. Liliondolewa kwa magari ya umeme mwaka 2018, na kwa magari yote ya abiria mwaka 2022. Februari 2022 BMW ilipandisha hisa zake katika kampuni yake ya Shenyang kutoka asilimia 50 hadi 75 na kulipa takriban euro bilioni 3.7 kwa nafasi hiyo. Lakini tusiwaonee huruma sana Wajerumani. Sharti hilo liliwatajirisha. Mwaka 2019 kundi la Volkswagen liliuza China magari milioni 4.2, karibu manne katika kila kumi liliyoyauza duniani. Bonasi nyingi za Wolfsburg zilitoka huko.

Taicang

Ukitaka kuuona ushirikiano huu ukiwa umevaa ovaroli, nenda Taicang, mji wa Jiangsu ulio mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Shanghai. Mwaka 1993 ilifika huko kampuni ya Kern-Liebers kutoka Schramberg, mji mdogo wa Msitu Mweusi kusini mwa Ujerumani. Inatengeneza springi. Ukivuta mkanda wa usalama garini kisha ukauachia, unajirudisha wenyewe. Kinachourudisha ni utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa mara nyingi ndani ya kikasha kilichofichwa ubavuni mwa gari. Utepe huo unavutwa maelfu ya mara katika maisha ya gari na hautakiwi kulegea hata siku moja. Kern-Liebers ni mabingwa wa dunia wa kitu hicho ambacho hakuna abiria anayekijua.

Siri ya kazi hiyo haiandikiki kwenye karatasi moja ikaibwa. Iko katika aina ya chuma, katika namna ya kukipasha moto na kukipoza, na katika sikio la fundi anayeijua mashine inapoanza kutoa sauti isiyo yake. Kwa hiyo kampuni za aina hii zilipofika Taicang ziligundua kwamba wafanyakazi wapo tele ila mafundi hawapo. Mwaka 2001 kikaanzishwa kituo cha mafunzo kwa mfumo wa Kijerumani wa uanagenzi: kijana anagawa muda wake kati ya darasa na kiwanda, analipwa posho akijifunza, na mtihani wake unatambulika na chama cha wafanyabiashara wa Kijerumani. Leo mji huo una kampuni za Kijerumani zaidi ya 500, nyingi zikiwa za kifamilia na za ukubwa wa kati, pamoja na mikate ya Kijerumani na mtaa wenye nyumba za mbao za mtindo wa huko.

Wanaosema ujuzi wote wa Kijerumani uliibwa waitazame Taicang kwanza. Sehemu kubwa ya ujuzi ilifundishwa kwa ratiba, kwa mshahara, mbele ya watu, na vyeti vikatolewa. Fundi aliyefunzwa miaka mitatu akahamia kampuni ya Kichina iliyo ng'ambo ya barabara kwa sababu inalipa zaidi, hakuna mahakama inayoweza kumnyang'anya alichonacho mikononi.

Mnunuzi mmoja, wauzaji wanne

Kwenye reli mambo yalikwenda kwa mkono mzito zaidi. Wizara ya Reli ya China ilipotaka treni za mwendo kasi, ilifanya jambo ambalo wauzaji huliogopa: ikawa mnunuzi peke yake, ikawapanga Siemens, Alstom ya Ufaransa, Bombardier ya Kanada na Kawasaki ya Japani washindane, kila mmoja akiambiwa kwamba bei peke yake haitoshi, lazima alete na michoro. Mwaka 2004 Siemens iling'ang'ania bei yake na ikatoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata ilirudi ikiwa imelegeza kamba na kupata mkataba wa treni 60. Tatu za kwanza ziliundwa Krefeld, Ujerumani. Zile 57 zilizobaki ziliundwa Tangshan, jimbo la Hebei, na wafanyakazi wa Kichina waliokuwa wamefunzwa na Siemens. Agosti 1, 2008, wiki moja kabla ya Michezo ya Olimpiki, treni hizo zilianza kukimbia kati ya Beijing na Tianjin kwa kilomita 350 kwa saa.

Leo mtandao wa reli za kasi wa China unazidi kilomita 45,000 na treni zake mpya ni za kubuni kwake. Viwanda vyake viwili vikubwa viliunganishwa mwaka 2015 kuwa CRRC, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika fani hiyo. Siemens na Alstom zilipoomba kuungana, kwa hoja kwamba bila hivyo CRRC itawameza, Brussels iliwakatalia Februari 2019, ikisema muungano huo ungewaumiza wateja wa Ulaya. Mwaka 2020 CRRC ikanunua kiwanda cha vichwa vya treni cha Vossloh kilichoko Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Mwanafunzi alikuwa amefika nyumbani kwa mwalimu, na fedha anazo.

Kisa cha Transrapid kinastahili kutajwa japo kwa kifupi, maana kinaonyesha upande wa pili. Treni hiyo ya Siemens na ThyssenKrupp haigusi reli, inaelea kwa nguvu ya sumaku. Wajerumani waliibuni, wakaijaribu kwa miaka mingi, kisha wakashindwa kukubaliana waijenge wapi. Njia ya Hamburg hadi Berlin ilifutwa mwaka 2000, ya uwanja wa ndege wa Munich ikafutwa 2008 baada ya gharama kupaa. Shanghai iliagiza kilomita 30 mwaka 2001, na mkesha wa mwaka mpya wa 2003 Kansela Gerhard Schröder alipanda safari ya uzinduzi pamoja na Zhu Rongji, yuleyule wa Santana, sasa waziri mkuu. Ilifikia kilomita 431 kwa saa. Mwaka 2021 CRRC ilionyesha Qingdao treni ya sumaku iliyobuniwa kwenda kilomita 600 kwa saa. Hapo sioni wizi. Naona nchi iliyobuni kitu ikakosa ujasiri wa kukitumia.

Na sola? Ujerumani ilitunga sheria mwaka 2000 iliyomhakikishia kila mwenye paneli bei nzuri ya umeme wake kwa miaka 20. Mahitaji yakalipuka. Watengenezaji wa mashine wa Kijerumani wakawauzia Wachina mistari mizima ya uzalishaji, kuanzia tanuri hadi kifungashio, tena kwa faida nono. Kufumba na kufumbua paneli za Kichina zikashuka bei hadi Q-Cells ya Thalheim, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa seli za sola, ikafilisika Aprili 2012 na kununuliwa na Wakorea wa Hanwha. Mlipa bili wa Kijerumani aligharimia utoto wa teknolojia ile. Paneli unayoipata leo Kariakoo au mtaa wa Luthuli kwa bei ya kuhimilika, nayo pia inatokana na bili zile.

Mchina anunua duka

Hadi hapo mtaji ulikuwa ukitoka Ujerumani kwenda China. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 uligeuka. Mwaka 2012 Sany ya Changsha ilinunua Putzmeister, kampuni ya Kijerumani maarufu kwa pampu za zege. Hakuna aliyepiga kelele sana. Kelele zilikuja 2016, Midea ilipoitaka Kuka.

Midea ni kampuni ya Guangdong iliyotajirika kwa viyoyozi na majokofu. Kuka, ya Augsburg, inatengeneza roboti za viwandani, ile mikono ya rangi ya chungwa inayochomelea mabodi ya magari. Midea iliahidi euro 115 kwa hisa, dau lililoithamini kampuni nzima euro bilioni 4.5 hivi, juu sana ya bei ya sokoni. Waziri wa uchumi, Sigmar Gabriel, alizunguka kutafuta mnunuzi wa Ulaya aweke dau jingine. Hakupatikana. Wanahisa wakubwa wa Kijerumani waliuza, na mwanzoni mwa 2017 Midea ilikuwa na karibu asilimia 95. Serikali haikuwa na kifungu cha kuizuia, kwa kuwa roboti za kuchomelea si silaha.

Kilichowashtua Wajerumani ni kwamba mwaka mmoja kabla, 2015, Beijing ilikuwa imetangaza mpango wake wa Made in China 2025, wenye orodha ya fani ambazo China inataka iongoze, roboti zikiwamo. Mpango huo ulichota mawazo waziwazi kutoka Industrie 4.0, mkakati wa Wajerumani wenyewe wa kuunganisha mashine na mtandao. Mteja alikuwa ametangaza hadharani kwamba anakuja kuwa mshindani.

Sheria zikaanza kukazwa. Mwaka 2017 serikali ya Berlin ilipanua mamlaka yake ya kuchunguza wanunuzi kutoka nje ya Ulaya. Mwaka 2018 kiwango cha kuanzia uchunguzi katika sekta nyeti kilishushwa kutoka asilimia 25 ya hisa hadi 10, na benki ya serikali KfW ikanunua asilimia 20 ya kampuni ya njia za umeme ya 50Hertz ili zisiende kwa shirika la umeme la China. Novemba 2022 uuzaji wa kiwanda cha chipu cha Elmos, Dortmund, ulipigwa marufuku.

Bandari ya Hamburg iliishia katikati. COSCO, kampuni ya meli ya serikali ya China, ilitaka asilimia 35 ya gati la Tollerort. Wizara kadhaa zilipinga. Kansela Olaf Scholz, meya wa zamani wa Hamburg, alitaka mpango upite. Zikakubaliwa asilimia 24.99. Tarakimu hiyo si ya bahati nasibu. Kwa sheria ya kampuni ya Ujerumani, anayezidi robo ya hisa anaweza kuzuia maamuzi makubwa. COSCO ilipewa sehemu ya faida bila kura ya turufu.

Maabara

Katika utafiti hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa sayansi haina ghala la kufungia. Taasisi ya Max Planck na Chuo cha Sayansi cha China vimeshirikiana tangu miaka ya 1970, na mwaka 2000 wafadhili wakuu wa utafiti wa nchi zote mbili walifungua kituo cha pamoja Beijing, kila upande ukichangia. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza swali. Wachina wapatao 40,000 wanasoma katika vyuo vya Ujerumani.

Kisa cha chanjo kinaonyesha jinsi siasa inavyoweza kupindisha hata mpango uliofungwa vizuri. Machi 2020 BioNTech ya Mainz ilisaini na Fosun Pharma ya Shanghai ili waendeleze chanjo ya korona kwa soko la China, siku chache tu kabla ya kutangaza ushirikiano na Pfizer. Fosun ilitoa fedha wakati ambao hakuna aliyejua kama chanjo hiyo itafanya kazi. Ilifanya kazi. Hong Kong na Macau zikaitumia. China Bara haikuidhinisha kwa wananchi wake, ikabaki na chanjo zake, hadi Desemba 2022 ilipokubali shehena kwa ajili ya Wajerumani wanaoishi huko. Mshirika wa Kichina aliwahi mapema kuliko wote, akafungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Upande wa Ujerumani nao umeanza kufunga milango. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg kilitangaza kutopokea tena watafiti wanaotegemea ufadhili wa serikali ya China peke yake, kwa hofu ya ujasusi na masharti ya utii wanayosainishwa. Wengine wanasema hilo linamwadhibu kijana wa fizikia kwa dhambi za serikali yake. Hoja hiyo ina uzito, ila kamera inayomtambua mgonjwa humtambua pia mwandamanaji, na chuo hakina namna ya kujua algoriti yake itatumika wapi.

Darasa lageuzwa

Mwaka 2023 BYD iliipiku Volkswagen kuwa chapa ya gari inayouzwa zaidi China, nafasi ambayo Wajerumani walikuwa wameizoea kwa miongo. Mwaka 2024 kundi la Volkswagen liliuza huko magari milioni 2.9, pungufu ya milioni 1.3 ukilinganisha na 2019. Mnunuzi wa Kichina alikuwa amehamia gari la umeme lenye skrini pana linalozungumza naye na kupokea programu mpya usiku akiwa amelala. Wajerumani walijua injini. Programu iliwashinda.

Julai 2023 Volkswagen, kampuni ya mwaka 1937, ilitangaza kuweka dola milioni 700 ndani ya Xpeng, kampuni ya magari ya umeme ya Guangzhou iliyoanzishwa 2014, kwa hisa zisizofika asilimia 5. Haikuwa ikinunua faida, kwani Xpeng ilikuwa ikipata hasara. Ilikuwa ikinunua mfumo wa umeme na programu wa gari ili magari yake yenyewe ya soko la China yapate ubongo. Ni Santana kinyumenyume: sasa Mjerumani analeta fedha na nembo, Mchina analeta ujuzi.

Huko Arnstadt, Thuringia, CATL ya Ningde imejenga kiwanda chake cha kwanza cha betri nje ya China kwa gharama ya hadi euro bilioni 1.8. Seli za kwanza zilitoka Desemba 2022. Mafundi wa Kichina walikuja kuwaelekeza Wajerumani mashine zinavyosetiwa. Wapo sasa watu wa Brussels wanaojadili kuwawekea wawekezaji wa Kichina masharti ya ubia na ya kutumia vipuri vya ndani. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Sasa lile swali la pili, la Ujerumani ipi. Kampuni kubwa zimejibu mabadiliko haya kwa sera inayoitwa "Nchini China, kwa ajili ya China": kubuni huko, kununua vipuri huko, kuuza huko. Kwa mwanahisa ina mantiki, hata vita vya ushuru vikija biashara inaendelea. Ila zamani kila gari la Kijerumani lililouzwa Shanghai lilibeba gia, vali au mashine iliyotoka Ujerumani. Sasa linabeba chache, na likiwa la Xpeng ubongoni, chache zaidi. BASF, kampuni ya kemikali ya Kijerumani, imejenga Zhanjiang, kusini mwa China, mji mzima wa kemikali uliotengewa hadi euro bilioni 10, huku mwaka 2023 ikitangaza kufunga mitambo kadhaa nyumbani Ludwigshafen na kupunguza ajira 2,600 duniani, nyingi zikiwa Ujerumani. Gesi ya bei nafuu ya Urusi ilikuwa imekatika, kwa hiyo China si mkosaji pekee. Desemba 2024 Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 Ujerumani ifikapo 2030, na Septemba 2025 Bosch ikatangaza nyingine 13,000.

Ndiyo maana kampuni zinaweza kwenda Beijing zikitabasamu wakati vyama vya wafanyakazi vinanung'unika, na wote wawili wakawa wakweli. Mkakati wa serikali ya Ujerumani wa Julai 2023 uliiita China mbia, mshindani na hasimu wa kimfumo, yote kwa mpigo. Wengi waliudhihaki kwamba haujaamua. Mimi nauona ni maelezo sahihi ya nchi ambayo mwaka 2024 iliuza China bidhaa za euro bilioni 90 na kununua za bilioni 156.

Kisahani cha Hamburg

Jinsi fundo hili lilivyokaza ilionekana Oktoba 2025. Nexperia ni kampuni yenye makao Nijmegen, Uholanzi, inayomilikiwa na Wingtech ya China. Hutengeneza chipu za hali ya chini kabisa, diodi na transista za senti chache, ambazo gari moja hutumia kwa mamia: kwenye taa, kioo cha dirisha, mfuko wa hewa. Visahani vya silikoni huchapishwa Hamburg, katika kiwanda kilichokuwa cha Philips. Hadi wakati huo vilikuwa vikisafirishwa kisha hadi Dongguan, kusini mwa China, kukatwa vipande, kufungwa na kupimwa. Takriban asilimia 70 ya mali ya Nexperia ilikuwa ikipita hapo kabla ya kwenda kwa wateja.

Mwishoni mwa Septemba serikali ya Uholanzi ilitwaa usimamizi wa maamuzi ya kampuni hiyo, ikihofia ujuzi na mitambo kuhamishiwa China. Siku chache baadaye Beijing ikazuia mali ya Dongguan isitoke. Visahani vilikuwapo Hamburg, wateja walikuwapo Wolfsburg, na katikati hakukuwa na njia. Volkswagen ikaonya kwamba uzalishaji unaweza kusimama. Bosch ikapunguza saa za kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Kilichokosekana ni kifaa ambacho bei yake haitoshi kununua andazi.

Novemba Waholanzi walisitisha amri yao, na China ikalegeza zuio kwa matumizi ya kiraia. Madini adimu yanayohitajika kwenye mota za magari ya umeme yana mkondo wake: vibali vya kuyauza nje vilivyowekwa na Beijing Aprili 2025 bado vinadaiwa, na masharti makali zaidi iliyoyatangaza Oktoba mwaka huo iliyaahirisha baada ya kuelewana na Marekani. Ujerumani haikuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Ahirisho hilo linaisha Novemba 10, 2026.